Goblini anazaliwa mbaya au anakuwa mbaya kwa upande aliochagua? Tujadili

Wakuu habari zenu. Natengeneza gemu ya kadi na pia kampeni ya kucheza mezani, yaani hadithi ndefu ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, zote zina viumbe hao hao, nimekwama sehemu moja. Ukiunda kundi la viumbe, tuseme goblini au orki, wale viumbe wa kubuni wa kwenye hadithi za kichawi, ni sawa kuandika kwamba wote ni waovu tangu kuzaliwa? Mimi nasema hapana, na siogopi lawama za mtu, nasema hivyo kwa sababu inaua gemu yenyewe.

Angalia gemu ya mezani ya Dungeons & Dragons. Imetoka 1974 na kwa miaka mingi orki alikuwa wa kuchinjwa tu, huulizi kitu. Kuna kitabu chao cha 2016 ukichagua kucheza orki unakatwa pointi 2 za akili, yaani hujampa hata jina ushaambiwa mhusika wako ni mjinga. 2020 wakaifuta hiyo, na kwenye sheria za 2024 wakaacha kuwagawa kwa neno lile linalotumika kwa rangi za watu, sasa wanasema spishi. Magic, ile gemu ya kadi, nao 2023 wakaacha neno lao la ukabila kwenye kadi. Na sisi kwa Kiswahili mtego ni mkubwa zaidi. Rasimu yangu ya kwanza niliandika "kabila la goblini, wezi na waongo", rafiki yangu akasoma akanyamaza halafu akaniuliza, hapa unalisema kabila gani? Nikafuta siku hiyo hiyo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu unachanganya gemu mbili. Kadi mtu anaiangalia sekunde chache tu, lazima goblini ajulikane hapo hapo: gharama ndogo kumcheza, anashambulia zamu ile ile, anakufa mapema. Na mezani watu wametoka kazini wamechoka, wanataka adui wa kupiga, sio kesi ya mahakamani.

Mleta mada:
Kujulikana haraka nakubali kabisa, ila hiyo sio uovu. Magic tangu 1993 ina rangi tano za kadi na nyekundu ya goblini maana yake ni hasira na haraka, basi. Halafu kuna ile kadi ya zamani ya bwana wa nguva, inawaongezea nguva wengine wote +1/+1, yaani moja ya kupiga na moja ya kuhimili, mpaka nguva wa mpinzani wako! Kadi moja tu na ushajua hawa watu wanabebana, hakuna aliyeandika ni wema au wabaya.

Mchangiaji wa pili:
Sawa, na mashetani je? Wafu wanaotembea? Nao tuwaonee huruma?

Mleta mada:
Hao waache walivyo ndugu yangu. Shetani ameumbwa na uovu wenyewe na maiti inayotembea haina hiari. Kipimo changu ni watoto. Kundi likiwa na watoto basi lina wazee, lina ugomvi wa ndani, lina mtu anayetaka kuondoka, na hapo huwezi tena kusema wote. Kila aliyeongoza gemu mezani atafika siku wachezaji wanamaliza pango halafu wanakuta goblini wadogo wamejificha nyuma ya magunia, na meza nzima inakuwa kimya. Utawaambia nini kama umeshaandika ni waovu wa damu?

Goblini wangu sasa wanaamini kitu kilicholala nje usiku mmoja bila mlinzi hakina mwenyewe. Kwao huo sio wizi. Wenye mashamba jirani hawaelewi hivyo na vita inaanzia hapo, na kwenye kadi wanaokota kutoka rundo la kadi alizotupa mpinzani. Adui wa kupiga bila kujiuliza bado yupo mkuu, ni wale walioapa kwa mfalme wa majivu, humo kuna binadamu, orki, goblini, kila mmoja kaingia kwa miguu yake.

Kinachonishinda ni huko kwenye kadi, kwa sababu kadi za kuongeza nguvu zinahesabu aina ya kiumbe na jeshi la kiapo limechanganyika. Nimejaribu kuweka maneno mawili chini ya jina, aina na kiapo, ila goblini aliyeapa anapata nguvu pande zote mbili na anamaliza gemu zamu ya nne. Aliyewahi kukutana na hili alitatuaje?