Nafasi ya kubadilishana wanafunzi na chuo cha Japani: jina la baba si langu, nianzie wapi?

Nafula_Busia

Habari zenu ndugu. Niko mwaka wa pili, nasoma uchumi wa kilimo kwenye chuo kimoja hapa Kampala. Nyumbani ni Busia, upande wetu wa mpaka. Wiki iliyopita ofisi ya uhusiano wa kimataifa ilibandika tangazo: nafasi mbili za kwenda Japani mwaka mmoja kama mwanafunzi wa kubadilishana, kuanzia mwisho wa Septemba. Karo naendelea kulipa hapa, kule silipi. Nimelisoma hilo tangazo mara nne na kulipiga picha.

Kwanza, naweza kuwaandikia wale wa Japani moja kwa moja ili niwahi? Maana ofisi yetu inachelewa kujibu. Halafu Kijapani sijui hata neno.

Jambo linaloninyima usingizi hasa ni la baba. Ndiye atakayekuwa mdhamini wangu. Anauza samaki wakavu na mahindi, na akiba yake iko kwenye chama cha kuweka na kukopa, siyo benki. Tena yeye ni Wabwire, mimi ni Nafula. Kwetu Wasamia mtoto hupewa jina kufuatana na alivyozaliwa: yeye alizaliwa usiku, mimi nilizaliwa msimu wa mvua. Fomu ina kisanduku cha jina la familia, na mwenzangu ameniambia wakiona majina hayafanani watasema huyu si baba yangu. Ni kweli?

Mirembe_Jinja

Mdogo wangu Nafula, nimefunga duka ndipo nikakaa niandike, kwa hiyo nisome taratibu. Mimi nilikaa Tsukuba, kule Japani, tangu Oktoba 2018 hadi Agosti 2019, kwa njia hiyo hiyo ya kubadilishana.

Usiwaandikie Japani. Najua unataka kuwahi, lakini kwa nafasi za aina hii mlango unafunguliwa kutoka kwenu. Vyuo viwili vina mkataba, chuo chako kinapeleka jina lako, ndipo wale wanakutumia fomu zao. Ukiwaandikia wewe watakujibu kwa adabu nyingi kwamba urudi kwa ofisi yako. Basi nenda kwenye ofisi hiyo kwa miguu yako, asubuhi, na daftari. Uliza siku ya mwisho ya kupeleka majina ndani ya chuo, maana hiyo huja mapema kuliko ile iliyoandikwa na Wajapani. Na usichanganye nafasi hii na ufadhili wa serikali ya Japani, ule wa MEXT, yaani wizara yao ya elimu, unaopitia ubalozi wao Kampala. Ule una fomu zake, mtihani wake na kalenda yake.

Sasa hilo la majina. Mwenzako amekutisha bure, ila ana sababu ya kukuambia uangalie. Wajapani hawadai ufanane jina na baba. Wanachotaka ni karatasi inayoonyesha kwamba huyu ni baba na huyu ni mtoto. Cheti chako cha kuzaliwa cha NIRA, ile mamlaka ya vitambulisho na usajili, kina jina lako na la baba pamoja, hicho ndicho kitakusemea. Kitafute sasa. Ongeza barua ya nusu ukurasa ukieleza kama ulivyotueleza sisi hapa, kwamba Wabwire ni wa usiku na Nafula ni wa mvua. Ukiweza, wakili akuandikie hati ya kiapo.

Linaloumiza watu ni jina lako wewe mwenyewe kutofautiana kutoka karatasi hadi karatasi. Mimi pasipoti yangu imeandikwa Mirembe. Matokeo yangu ya kidato cha nne yameandikwa Milembe, kwa sababu kwetu Busoga r na l zinapishana mdomoni na mwalimu aliyetusajili aliandika alivyosikia. Herufi moja tu. Nilipeleka maombi hivyo hivyo, yakarudishwa, nikapoteza wiki tatu nikihangaika na hati ya kiapo na barua ya msajili. Zile wiki nilikonda. Kwa hiyo leo usiku tandika mezani pasipoti, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na matokeo yote, upitie herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wa majina.

Nikuambie kilichotokea baadaye. Ukifika Japani una siku 14 za kwenda ofisi ya mji kuandikisha mahali unapoishi, baada ya kupata makao. Nilienda siku ya tatu. Mama mmoja mwenye miwani alinisogezea karatasi, akaniomba nilisome jina langu polepole ili aliandike kwa herufi zao. Nikasema Mi-re-mbe. Akaandika herufi nne. Mwenzangu tuliyekuwa naye akaniambia kwamba kwa Kijapani r na l ni sauti moja, herufi ile ile, hata ningekuwa Milembe angeandika hivyo hivyo. Nilisimama pale nikiitazama ile karatasi, nikikumbuka zile wiki tatu, na machozi yakanilenga.

Fedha. Chuo cha kule ndicho kitakachokuombea hati iitwayo COE, inayosema unastahili kuishi Japani kama mwanafunzi. Bila hiyo ubalozi hauna la kukufanyia. Idara yao ya uhamiaji huichunguza kwa wiki nyingi, mwezi mmoja hadi mitatu, na ikitoka ina uhai wa miezi mitatu tu. Siku hizi huweza kuja kwa barua pepe. Katika uchunguzi huo wanataka kuona utakula nini na utalala wapi, ndiyo maana ya taarifa ya benki ya baba. Baba yangu ni mkulima wa miwa. Mwenye miwa halipwi kila mwezi: anakata, anapeleka kiwandani, anapokea donge moja. Akaunti yake ilionekana tupu miezi saba, kisha ghafla ikajaa. Waliuliza pesa hizi zimetoka wapi, nao wana haki kuuliza, maana wako watu wanaoazima pesa za kuonyesha. Tuliambatanisha risiti za mizani, kila lori na tani zake na tarehe, pamoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Ikapita. Baba yako naye hakosi daftari la mauzo au risiti za gunia. Msizitupe.

Ulizia pia msaada wa JASSO, shirika la Japani la kuhudumia wanafunzi. Ni yeni 80,000 kwa mwezi, lakini nafasi ni chache na chuo cha kule ndicho kinachopendekeza majina. Wana hesabu yao ya alama: kiwango cha juu ni 3.00 na wanataka usipungue 2.30. Usichukue wastani wetu, ambao kiwango cha juu ni 5.0, ukaugawanya. Wanahesabu upya, somo kwa somo, A yako inakuwa 3, B inakuwa 2, C inakuwa 1, kwa uzito wa kila somo. Kaa na matokeo yako ya mwaka uliopita uhesabu mwenyewe kabla ya kutegemea. Na hata ukipewa, fedha ya msaada haikungojei uwanja wa ndege. Mimi nilikaa wiki tano kabla haijaingia, na katika wiki hizo nililipa bweni, blanketi, bima na baiskeli. Tsukuba bila baiskeli huendi popote, eneo la chuo ni refu kupita kiasi.

Lugha isikuogopeshe. Vyuo vingi vina masomo ya Kiingereza kwa wanafunzi wa kubadilishana. Soma tu kwa makini orodha ya masomo ya mwaka huo, maana viza inakutaka uwe darasani angalau saa 10 kwa wiki. Kipindi kimoja kwenye vyuo vingi ni dakika 90, kwa hiyo hesabu vipindi saba. Ukikuta masomo ya Kiingereza ya fani yako ni manne tu, jazia na madarasa ya Kijapani. Hata hivyo jifunze hiragana na katakana kabla ya kupanda ndege. Ni herufi 46 kila moja, mimi nilizibandika juu ya kitanda hosteli nikazimaliza kwa mwezi. Siku ya kwanza dukani utashukuru.

Bima ya afya ya taifa utajiunga, ni lazima kwa anayekaa zaidi ya miezi mitatu. Ukiugua unalipa asilimia 30, bima inalipa iliyobaki. Mwenye miaka 20 na zaidi anaandikishwa pia kwenye pensheni, basi siku hiyo hiyo pale ofisi ya mji omba fomu ya kusamehewa malipo. Kazi za muda zinaruhusiwa mwisho saa 28 kwa wiki, ukiwa na kibali, na kibali unaweza kukiomba pale pale uwanja wa ndege unapopewa kadi ya ukaazi. Ila usipange maisha juu ya hizo kazi. Hujui lugha, muhula wa kwanza ni mzito.

Baba_Twaha_Malaba

Binti yangu, dada yako wa Jinja amesema vizuri. Mimi nasema kama mzazi, kijana wangu alikwenda na akarudi salama, lakini kuna jambo hatukulijua.

Kabla hujaondoka, keti na mkuu wa idara yako mwandikiane: masomo haya nitakayosoma kule, yatahesabiwa badala ya yapi hapa? Kwa maandishi, na sahihi, na muhuri. Kijana wangu aliahidiwa kwa mdomo. Aliporudi yule aliyeahidi alikuwa amehamishwa, na kati ya masomo 12 aliyofaulu wakamkubalia manne. Akarudia mwaka, nami nikalipa karo ya mwaka ambao sikuupanga. Alilia, mama yake akalia. Elimu aliyoipata hakuna aliyemnyang'anya, lakini shahada ilichelewa.

Tikiti nayo mwambie baba aanze kuiwekea mapema. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Tokyo, utabadilisha njiani, na bei ya Septemba inapanda. Sisi tuliuza ng'ombe wawili.

Kato_Mbarara

Nafula, mimi niliomba mwaka jana nikakosa kwa jambo la saa. Fomu ilisema mwisho ni saa 17:00 ya Japani. Kule wako mbele yetu kwa saa 6. Ikiwa kwao ni 17:00, kwetu ni saa 5 asubuhi. Mimi nilikaa na picha ya pasipoti mkononi nikijua nina mchana kutwa. Nilipofungua ukurasa saa 8 mchana ulikuwa umeshafungwa. Naomba tena mwaka huu na nimeandika saa za kwetu kwa kalamu nyekundu ukutani.

Nafula_Busia

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana usiku nilitandika karatasi zote sakafuni kama dada alivyosema. Pasipoti sina bado. Kitambulisho na matokeo ya kidato cha sita yanasema Nafula Sarah, lakini matokeo ya kidato cha nne yanasema Nafula Sara, bila h. Ningekuwa sikuuliza hapa nisingeiona.

Nimempigia baba. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kule kuna baridi kiasi gani. Halafu akasema daftari la samaki analo tangu 2016, la mahindi liliharibika na maji. Swali langu la mwisho: ahamishe akiba yote kutoka chama kwenda benki sasa hivi, au aiache?

Mirembe_Jinja

Asihamishe yote kwa siku moja, litakuwa donge lile lile waliloniuliza mimi. Achukue taarifa ya chama yenye muhuri na sahihi ya mweka hazina, ya mwaka mzima. Afungue akaunti ya benki wiki hii, na kuanzia sasa mauzo ya soko yaingie humo kila wiki, hata yakiwa kidogo. Ile ya chama ikihamia, ihame kwa mafungu, na kila fungu lionekane pande zote mbili: limetoka huku tarehe hii, limeingia huku tarehe hii. Halafu peleka taarifa zote mbili pamoja. Kabla ya hapo muulize afisa wa chuo chako kama chuo cha kule kina fomu yake ya mdhamini, vingine vinayo.

Pasipoti uiombe kwa jina la kitambulisho, lenye h. Ada ya kawaida ni shilingi 250,000. Kwa ile h iliyokosekana kidato cha nne, mwone wakili wiki hii hii, usingoje waulize.

Mwambie baba Januari usiku inashuka chini ya sifuri kule Tsukuba, lakini vyumba vina mashine ya joto, na makoti ya mitumba yapo, mazuri, bei ndogo. Langu bado ninalo hapa Jinja, halina kazi. Ukichaguliwa njoo ulichukue.

Nafula_Busia

Nitakuja, dada. Jumatatu baba anapanda taksi ya alfajiri kutoka Busia, tunakutana NIRA kwa cheti cha kuzaliwa. Amesema anakuja na lile daftari la samaki.