Majirani wa Brooklyn Park: kesho ni Halloween

Mama Zawadi: Habari za jioni majirani. Kesho tarehe 31 watoto wanatoka kuomba pipi mtaani. Nimetumiwa ujumbe wa sauti unaosema kuna watu wanatia sumu na sindano ndani ya pipi. Umenikosesha raha. Kweli tuwaache watoke?

Mama Furaha: Nami nimeusikia. Bandugu, sisi huu ni mwaka wetu wa kwanza hapa Minnesota, sijui hata sikukuu yenyewe inaendaje. Mwanangu mdogo anataka kuvaa kama popo.

Baba Imani: Karibu sana Mama Furaha. Jioni watoto wanavaa mavazi ya kuigiza, kama mafuvu, mizimu au popo, wanapita nyumba kwa nyumba, wanagonga, wanasema "trick or treat", yaani nipe pipi au nikufanyie utundu, wanapewa pipi. Nyumba yenye taa ya mlangoni inayowaka ndiyo inayogongwa. Iliyozima mnaipita, wala hakuna anayekasirika.

Mzee Kombo: Yangu itazimwa. Mafuvu na mizimu siyataki mlangoni, na wajukuu wangu hawaendi. Nasema kwa heshima, kila mtu na nyumba yake.

Mama Zawadi: Shikamoo Mzee. Tunakuelewa kabisa.

Mzee Kombo: Marahaba mwanangu.

Dada Rehema: Shikamoo Mzee Kombo, na wengine hamjambo. Ndiyo nimetoka zamu. Mama Zawadi, huo ujumbe usiusambaze, ufute tu. Profesa Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amechunguza habari za namna hiyo kuanzia mwaka 1958, na hajapata mtoto hata mmoja aliyethibitika kuuawa na pipi ya mtu baki. Kisa kinachotajwa sana ni cha Texas, 1974, na pale mwenye kutia sumu alikuwa baba mzazi wa mtoto. Pipi zikagueni, iliyofunguka tupeni, basi. Mimi kesho nitakachoogopa ni magari.

Mama Furaha: Magari kivipi dada?

Dada Rehema: Kuna utafiti uliotoka kwenye jarida la madaktari wa watoto, JAMA Pediatrics. Waliangalia vifo vya barabarani Marekani nzima, 1975 hadi 2016. Jioni ya Halloween hatari ya mtu anayetembea kwa miguu kugongwa na kufa ilikuwa juu kwa asilimia 43 kuliko jioni za kawaida. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 ilikuwa mara 10. Na saa mbaya kuliko zote ni kama saa 12 jioni. Huku kwetu jua tarehe 31 linazama saa hiyo hiyo, watu wakitoka kazini.

Mama Zawadi: Mara 10! Mungu wangu.

Baba Imani: Hilo nalithibitisha. Mimi jioni napeleka vifurushi. Mwaka jana nakata kona taratibu, kati ya magari mawili yaliyoegeshwa kikachomoza kitu cha rangi ya machungwa, chini kabisa, usawa wa bampa. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya kutilia pipi. Mwenye ndoo sikumwona: nguo nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, na kinyago usoni chenye vitundu vya macho vidogo, naye hakuniona. Nilishika breki, ndoo ikasimama. Ndipo mama yake akatokea mbio. Tafadhalini, msiwavushe watoto katikati ya magari. Nendeni mpaka kona.

Mama Furaha: Na popo ni mweusi…

Dada Rehema: Awe popo, hakuna shida. Mbandike utepe wa kuakisi mwanga mgongoni, mbele na kwenye ndoo, mpe na tochi. Kinyago acha nyumbani, mpake rangi usoni. Leo usiku jaribu kidogo mkononi mwake uone kama ngozi itawasha. Nguo isiburute chini, asije akajikwaa, na asikaribie mshumaa ulio ndani ya yale maboga ya kuchongwa wanayoweka milangoni. Mabawa ya kitambaa chepesi hushika moto haraka sana.

Baba Imani: Na koti ndani ya hilo vazi! Wenyeji bado wanaisimulia Halloween ya 1991: theluji ilianza siku hiyo hiyo, hadi inakatika Minneapolis ilikuwa imefika inchi 28.

Mama Tumaini: Samahanini nimechelewa. Tumaini wangu ana mzio wa karanga. Mwaka jana nilimzuia, akashinda dirishani analia. Mwaka huu nataka aende, nifanyeje?

Dada Rehema: Aende mpenzi. Tafuta nyumba zilizoweka boga la rangi ya buluu-kijani. Maana yake wana vitu visivyo chakula: penseli, stika, vijitoi. Utaratibu huo ulianzia Tennessee mwaka 2012, sasa umeenea nchi nzima. Na Tumaini asile chochote njiani. Zile chokoleti ndogo mara nyingine hazina maandishi ya viungo, na viungo vyake vinaweza kutofautiana na vya ile kubwa ya jina hilo hilo. Isiyosomeka asiile. Sindano yake ya epinephrine, ile dawa ya dharura ya mzio, iwe mfukoni mwako, si ndani ya gari. Midomo ikivimba au akikoroma kupumua, mchome papo hapo, kisha piga 911, namba ya dharura. Hata akipata nafuu, hospitali lazima.

Mama Zawadi: Mimi nitaweka boga la rangi hiyo. Stika ninazo tele.

Mama Tumaini: Mama Zawadi, Mungu akubariki. Hujui ulivyonisaidia.

Baba Imani: Dada Rehema, Imani anataka kununua lenzi za macho ya paka mtandaoni.

Dada Rehema: Hapana, hapana kabisa! Hapa Marekani lenzi yoyote, hata ya pambo, kisheria haiuzwi bila cheti cha daktari wa macho. Jicho likipata kidonda mtoto anaweza kupofuka.

Halafu wenye watoto chini ya miaka 4: pipi ngumu, karanga na chingamu wasipewe, zinakaba. Na mkiwa na wageni wanaotumia pipi za bangi, maana hapa zimeruhusiwa kwa watu wazima, zifungieni juu. Mtoto hatofautishi na zake. Akila, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, bure, usiku na mchana. Ukiomba mkalimani unapewa.

Mzee Kombo: Nimesoma yote. Sherehe si yangu, lakini barabara ni yetu sote. Wajukuu nao saa 12 wanarudi kutoka madrasa kwa miguu. Kizibao changu cha njano cha kazini ninacho bado. Nitasimama pale njiapanda ya karibu na kituo cha basi, saa 11 na nusu hadi saa 2, niwavushe wote.

Mama Zawadi: Mzee! Asante sana. Nakuletea chai ya tangawizi kwenye chupa.

Mzee Kombo: Sukari kidogo.

Baba Imani: Basi tutoke pamoja. Saa 11 na robo kwangu, mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa nyuma ni mimi, nimeomba ruhusa kazini.

Mama Furaha: Mbele nitakaa mimi. Utepe wa kuakisi nauziwa wapi?

Mama Tumaini: Usinunue, ninao roli nzima. Nakuletea sasa hivi, fungua mlango.