Ukoo wa Bi Mwanashee: karatasi ya mlangoni

JUMATANO

19:04 Swabra: Assalaam alaykum ukoo. Ndiyo natoka ofisi ya wadi, ile ya kaunti hapa kwetu. Mlango umefungwa, na si ile kufuli ya jioni. Wamebandika karatasi.

19:05 Swabra: [picha]

19:07 Swabra: Kwa wasioona picha vizuri, imeandikwa: kuanzia tarehe mosi ofisi haipokei wananchi, huduma ni Amu (Lamu mjini) au kwa simu. Haina sahihi, haina mhuri. Nambari ya simu yenyewe selotepu imeifunika nusu.

19:09 Swabra: Na wafanyakazi wamo ndani! Nimesikia feni inazunguka na mtu anakohoa. Nikabisha hodi. Feni ikazimwa.

19:31 Swabra: Naona watu kumi na wanne wamesoma. Mbona kimya?

19:40 Omari Mombasa: Wa alaykum salaam dada. Niko kazini, nitasoma vizuri baadaye.

19:52 Mwanaidi: Subhanallah. Na fomu ya basari ya Nasri, ya msaada wa karo? Inataka mhuri wa pale na mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

19:55 Swabra: Hilo ndilo linaloniuma. Basari, kibali cha duka, malalamiko ya maji, yote sasa ni boti. Mia tano kwenda, mia tano kurudi. Na ukifika Mkandani, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yamekupwa, mwakaa hapo kwenye jua mpaka yajae.

19:58 Swabra: Bi Hidaya alikwenda mwezi uliopita kwa karatasi moja tu. Akaambiwa kopi ya kitambulisho haina upande wa nyuma, arudi kesho. Boti imeshaondoka. Amelala dakani kwa watu asiowajua, mtu mzima vile, na buibui ndiyo shuka.

20:03 Ali: Lakini punda wa Ami Famau nimemuona ndani ya ua wa ofisi. Yeye kahudumiwa 😂

20:04 Mwanaidi: 😂😂

20:04 Ali: Nasri apeleke fomu, agongewe mhuri wa kwato

20:06 Ami Famau: Punda wangu yuko wapi?

20:06 Ali: Ofisini ami

20:07 Ami Famau: Ofisini wapi? Namtafuta tangu alasiri. Ana simiti ya watu mgongoni.

20:15 Swabra: Jamani tunaongea jambo la maana. Nani yuko tayari kwenda Amu Jumatatu? Nataka watu watatu.

20:16 Ami Famau: Nimempata. Simiti haipo.

22:48 Kassim: Waifunge. Wakimaliza kuifunga, warudishe ploti yetu waliyojengea.

22:51 Swabra: Kassim, si leo.

22:53 Kassim: Si leo, si kesho. Tangu marehemu baba siku yake haijafika.

22:58 Omari Mombasa: Hayo tutayazungumza tukikutana Maulidi inshallah.

22:59 Kassim: Maulidi ya mwaka gani? Hata ya sola mlisema Maulidi.

23:01 Shangazi Rukia: Sola isitajwe humu. Laleni.

ALHAMISI

06:20 Swabra: Sabalkheri. Sikulala. Nimekaa na yule binti wa jirani anayesoma sheria, nimeandika kwenye daftari, someni hata kama ni ndefu.

06:24 Swabra: Katiba ya 2010, kifungu cha 174. Inataja sababu za kuwa na ugatuzi, na mojawapo ni watu wapate huduma za karibu, zinazofikika kwa urahisi, kote Kenya. Kifungu cha 176 kinaongeza kuwa kaunti nayo igatue kazi zake na huduma zake kadiri inavyowezekana. Yaani ugatuzi usiishie Amu, ukashuka boti hapo jeti na kupumzika. Halafu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 51, kila wadi iwe na msimamizi wake. Na kifungu cha 88, mwananchi ana haki ya kuwasilisha malalamiko kwa kaunti, ila yawe kwa maandishi. Kelele za barazani hazihesabiki. Kwa hiyo barua lazima.

06:25 Swabra: Barua naandika mimi. Sahihi nazikusanya mimi. Nataka boti na watu watatu tu. Ami Famau, Kassim, na mmoja kutoka upande wa kina Mwanaidi.

09:50 Swabra: ??

11:12 Omari Mombasa: Dada samahani, niulize. Kwani kwa simu kuna ubaya gani? Mimi huku kila kitu nafanya kwa simu, foleni sizijui.

11:15 Swabra: Omari, njoo nyumbani, kisha upande juu ya tangi la msikiti upate netiweki, ujaze fomu na upepo wa kusi unakupiga. Bi Hidaya ana kabambe, simu ya vibonyezo isiyo na intaneti. Mamako mwenyewe ni nani humsomea meseji? Ni mimi.

11:19 Swabra: Na si netiweki peke yake. Mtu akikwambia njoo kesho kwenye simu, anakata. Akikwambia usoni, wamtazama. Mwaka ule bomba la maji lilipopasuka hatukuandika popote. Tuliingia pale wanawake saba na madumu matupu, tukayapanga moja moja mezani kwa afisa, akakosa pa kuweka kalamu. Siku ya pili fundi alikuja. Dumu utalipanga wapi kwenye simu?

11:21 Shangazi Rukia: Mimi nalikuwepo. Dumu langu lilikuwa la manjano, halijarudi mpaka leo.

11:22 Mwanaidi: Ni kweli walahi.

11:30 Shangazi Rukia: Na haya hayakuanza jana. Yalianza na kamba ya korona, 2020. Walisema ni ya siku chache, watu wasisongamane, tuhudumiwe dirishani. Korona ikaisha, kamba ikabaki. Kisha dirisha likawa nusu siku. Kisha benchi la mwarobaini likaingizwa ndani, kikongwe hana pa kukaa. Sasa karatasi. Kamba yenyewe ni ya mashua yetu, niliwaazima.

11:34 Ali: Shangazi umewaazima kamba, dumu, na nini tena 😅

11:35 Shangazi Rukia: Ali, nyamaza.

11:40 Omari Mombasa: Haya nimeelewa. Mimi nitachangia.

11:41 Swabra: Utachangia nini?

13:05 Kassim: Mwanisomea vifungu. Kifungu cha ploti kipo? Babu alitoa uwanja ule na baba hakuridhia, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Leo wanajifungia humo ndani, nami ndiye wa kutoa boti kuwapigania wafungue. Mafuta yangu, mashini yangu.

13:06 Swabra: Hupiganii wao, wapigania mamako asipande boti na magoti yale.

13:06 Kassim: Mama usimtie.

13:20 Mwanaidi: Jamani fomu ya Nasri...

16:38 Babu Athmani: [ujumbe wa sauti 2:14]

16:40 Mwanaidi: Babu ameingia.

16:52 Ali: Ambao simu zenu hazifungui sauti, nimeandika alivyosema, sikuongeza neno:

"Swabra mwanangu, nimekusikia. Kassim, nawe nimekusikia. Babako alikataa uwanja ule usitolewe. Nalikuwepo. Alisimama chini ya mwarobaini akasema, mkitoa bila karatasi mutakuja kulia. Sisi wakubwa tukamwambia keti, wewe kijana. Nami ni mmoya wa walomwambia keti. Wenzangu wote wamekwenda, nimesalia miye. Basi kosa lile ni langu, nidai miye, usiwadai hawa wana. Lakini uwanja twalitoa kwa neno moya: watu wa mui wapate pa kuingia na shida zao. Hatukutoa mahala pa mtu kujifungia. Sasa, musende Amu bado. Yule kijana wa ofisi ni mwana wa watu, nami ndiye nlompokea siku aliyoshuka na sanduku lake hapo jeti. Kesho baada ya sala ya Ijumaa aye kwangu. Nitamuuliza kwa kinywa changu. Mpaka hapo mtu asinene neno."

17:25 Shangazi Rukia: Mungu akupe umri babu.

17:26 Mwanaidi: Amin

17:26 Ami Famau: Amin

17:44 Kassim: Ujumbe huu umefutwa

17:45 Kassim: Nimesikia babu.

18:10 Swabra: Labeka babu, sitanena. Ila naomba moja tu. Jumatatu isipotee, kwa sababu ya basari. Wapo watoto tisa mtaani kwetu, si Nasri peke yake, nimewahesabu. Barua nitaiandika nikae nayo.

18:11 Ali: Hiyo ndiyo kutonena? 😂

IJUMAA

14:30 Swabra: Ali uko kwa babu? Amekuja?

14:41 Ali: Bado. Babu amekaa barazani na kanzu yake ya Ijumaa. Ametandika mkeka mpya, kahawa na kashata tayari.

15:20 Swabra: ?

15:26 Ali: Nimetumwa nikamwite. Nimebisha, amefungua dirisha kidogo. Anasema yeye pia ameletewa karatasi tu na kuambiwa abandike, na hajui amjibu nini mzee. Atakuja baada ya alasiri.

15:27 Swabra: Alasiri ishaadhiniwa.

16:35 Ali: Kahawa imepoa mara mbili. Babu hataki kuingia ndani. Anasema atangoja mpaka magharibi.

16:36 Mwanaidi: Masikini babu.

16:50 Kassim: Mimi niko naye hapa.

16:58 Swabra: Kassim, Jumatatu maji yakoje?

17:15 Kassim: Yajaa saa nne asubuhi. Tukichelewa kutoka, Mkandani tutakwama. Sijasema naenda.

17:16 Swabra: Na akija akafungua?

17:17 Kassim: Basi hatuendi.

17:20 Swabra: Na fomu? Hata akifungua Jumatatu, nani anajua mhuri uko huku au umeshapelekwa Amu?

17:41 Swabra: Naanza orodha ya mafuta, mia mbili mbili. Mtu anakili anaongeza jina lake. Tusipokwenda narudisha, daftari lipo.

1. Swabra 200
2.

17:50 Mwanaidi:
1. Swabra 200
2. Mwanaidi 200 (nitatuma kesho)
3.

18:22 Ali: Magharibi hiyo. Hajaja. Babu amesema mkeka usikunjwe.

18:40 Kassim:
1. Swabra 200
2. Mwanaidi 200 (nitatuma kesho)
3. Kassim, boti. Mafuta bado
4.

21:07 Swabra: Wa nne?