Tupeane uzoefu: Umepanda milima ya ugenini kwa baiskeli? Njoo usimulie kabla sijaenda Rwanda

Nyegezi Moja (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Tupo wanne, wote wa Mwanza, na tumekubaliana likizo ya Julai mwaka huu isiishie kisiwani Saanane kama kawaida yetu. Tunataka kuipiga njia ya Kongo-Nile kule Rwanda, ile inayofuata Ziwa Kivu kutoka Rubavu (Gisenyi ya zamani) mpaka Rusizi (Cyangugu). Ni kilomita 227. Nikachukua kalamu nikagawa kwa siku tatu, ikaja sabini na kitu kwa siku. Nikasema hii mbona kama kwenda Magu na chenji inabaki.

Mke wangu akaiangalia karatasi, akauliza, "Na milima umeiandika wapi?"

Basi waliowahi kupanda milima ya nchi za watu, si lazima Rwanda, leteni visa. Pale mlipokosea ndipo hasa ninapopataka.

Spoki Tatu

Mkuu, shemeji msikilize. Sisi tulikwenda Agosti 2023, watu wawili, tukapanga siku nne. Tulitumia sita.

Ile njia haiambai ziwa kama unavyodhani kwenye ramani. Ziwa lipo kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na milima inaingia majini kama vidole. Unapanda kidole, unashuka mpaka kwenye ghuba, unavuka kidaraja cha magogo, unaanza kidole kingine. Ukifika juu ukigeuka unakiona kijiji ulichokiaga asubuhi, kipo pale pale ng'ambo ya maji, majogoo yake unayasikia. Siku ya pili tuliondoka saa mbili asubuhi, saa kumi jioni tukawa tumekwenda kilomita 31, na nusu yake tulikuwa tunakokota.

Lakini kilichoniua mimi ni kushuka. Kilinyesha kimvua cha nje ya msimu, udongo ukawa uji, mchanga ukaingia kwenye breki. Pedi za nyuma zilizokuwa mpya Rubavu ziliisha siku hiyo hiyo. Nikasikia chuma kinasaga rimu, kriii. Ikabidi nishuke, nikakokota baiskeli kwenye mteremko! Watoto wakatoka majumbani kuja kutazama kioja. Nikiwa hapo akanipita kijana na baiskeli ya gia moja, keria imejaa mikungu ya ndizi, mguu wa kandambili kaukandamiza kwenye tairi la nyuma ndiyo breki yenyewe. Akanisalimia kwa adabu kabisa, "Mwiriwe," akapotea konani.

Kwa hiyo beba pedi jozi mbili kila mtu. Mkichoka, huko juu kuna barabara ya lami inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi. Nayo ina milima, ila walau unafika.

Jambo moja tamu: Karongi omba sambaza wa kukaanga. Ni wale wale dagaa wa Tanganyika, walipandikizwa Kivu miaka ya 1950. Mwenzangu ni mtu wa Kigoma, alikula sahani mbili akasahau na magoti.

Mtoto wa Eldoret

Wadau, mimi nimezaliwa na kulelewa mita 2,100, kwa hivyo nilienda nikijigamba. Nilipitia Uganda, nikaingia Gatuna na kitambulisho tu. Milima ilinichosha, siwezi danganya, lakini haikunitisha. Kilichonitisha ni upande wa barabara.

Rwanda wanaendesha kulia. Ukiwa kwa msururu wa magari unakumbuka tu vizuri, unafuata wengine. Shida ni ukisimama. Siku ya kwanza niliketi kando ya barabara nikanywa chai na mandazi, nikapanda baiskeli nikiwa na raha zangu, nikashika kushoto kama nyumbani. Kona ya pili nikajipata uso kwa uso na lori la mawe. Dereva alipiga honi mpaka leo naisikia. Niliishia kwa mtaro, goti likachubuka, na mandazi yote niliyokuwa nimebeba yakamwagika.

Rafiki yangu akafunga kitambaa chekundu kwa hendeli upande wa kulia. Kila nikipanda nakiona, najua ni huku. Fanyeni hivyo, hata kama mtachekwa.

Pia saa zao ziko nyuma kwa saa moja. Nilitega kengele kwa saa yangu ya mkono ya Nairobi, nikatoka nje saa kumi na mbili nikapata giza totoro. Mlinzi wa nyumba ya wageni alidhani natoroka bila kulipa.

Binti Mwendokasi

Mtoto wa Eldoret umenichekesha 😂

Mleta mada, angalia kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, nchi nzima inafanya kazi za jamii asubuhi. Sisi hatukulijua hilo. Saa mbili na nusu tunashuka kijijini tukijua tutafika mbali, tukasimamishwa. Hawakutufokea, walituuliza tu kwa upole tunakwenda wapi siku kama ile. Kaka yangu akakabidhiwa jembe, mimi nikapewa kazi ya kukusanya majani. Tulizibua mtaro mpaka saa tano, kisha tukakaa kwenye kikao chao, tukatafsiriwa kidogo kidogo. Ndiyo asubuhi niliyoipenda kuliko zote, lakini ratiba ya siku ilikufa.

La pili, nguo msizifunge kwenye mifuko ya nailoni kwa kuogopa mvua. Wenzetu walipiga marufuku tangu 2008, sisi 2019, na bado nilijisahau. Pale mpakani Rusumo nilifungua begi mbele ya watu, nguo za ndani zikatoka moja moja mbele ya foleni nzima. Nunueni begi lisilopitisha maji.

Dada zangu mnaosoma kimya kimya: kaptula yenye sponji, na chini yake usivae kitu. Niliona aibu kuuliza, nikalipa kwa siku tatu za kukaa upande.

Mhamiaji Leeds

Mimi nitatoka nje ya Rwanda kidogo. Huku Uingereza kuna njia ya pwani hadi pwani, inaanzia Whitehaven na kuishia Tynemouth au Sunderland. Urefu wake ni kama kilomita 225, yaani karibu sawa na hiyo yenu. Desturi ni kuchovya gurudumu la nyuma kwenye bahari ya magharibi unapoanza, na la mbele kwenye bahari ya mashariki unapomaliza.

Mimi mtoto wa Tanga, bahari naijua. Kilima cha Hartside sikukijua. Kileleni ni mita 580 tu, kijana wa Lushoto angeita tuta. Lakini nilikipanda kwa upepo wa uso na mvua ya Juni yenye baridi ya friji. Jambo moja lililonisukuma ni mgahawa niliokuwa nimesimuliwa, upo pale juu kabisa. Nikafika nikakuta kiwanja kitupu. Uliungua 2018, aliyenisimulia alipita zamani. Nilikula biskuti zilizolowa nimejikunyata nyuma ya ukuta wa mawe.

Tangu hapo, kila mahali nilipopanga kula au kulala napiga simu kwanza.

Fundi Makoroboi

Nyote mmesema, gia hamjazisema. Watazame wale wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani: Septemba 2025 walikuwa Kigali, mara ya kwanza mashindano yale kuja Afrika. Wanaume walipewa kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda, waliofika mwisho 30. Wale ni watu wa kazi hiyo. Wewe una kitambi, nakufahamu.

Gia yako nyepesi kabisa, meno ya mbele yawe machache kuliko ya nyuma. Mbele 22, nyuma 34, utapanda umekaa ukipiga soga. Ile baiskeli uliyoniletea mwezi jana mbele ina 42 na nyuma kubwa ni 28. Utakokota mpaka Rusizi.

Nyegezi Moja

Nimesoma yote, na karatasi nimeichana. Sasa ni siku saba, kilomita 30 hadi 40 kwa siku, Jumamosi ya mwisho tunalala Karongi hatuendi popote. Pedi jozi mbili kila mtu. Kitambaa chekundu shemeji yenu keshakata kwenye kanga yake ya zamani, vipande vinne.

Fundi, hiyo ya nyuma meno 34 ipo dukani au inaagizwa? Na kitambi tukiongelee faragha.