Filamu imeshashutiwa, miaka miwili na ushee wanafanya nini?

Kijana wa Igoma
Wakuu, heshima kwenu. Nahariri video za harusi hapa Mwanza. Nikichukua siku 10, kamati inaniita mvivu. Sasa nasoma kuwa Mad Max: Fury Road ilishutiwa jangwani Namibia 2012, ikaingia sinema Mei 2015. Hela wanazo, mashine wanazo. Muda wote huo unaenda wapi?

Pangu Pakavu
Walikuwa wanasubiri umeme urudi.

Mama Fremu
😂 Mkuu, harusi moja unarudi na saa ngapi za video? Sita? Mhariri Margaret Sixel aliletewa kama 480. Kuziangalia tu, saa nane kwa siku, hujakata kitu, ni miezi miwili. Na kinachotakiwa ni saa mbili tu! Humo kuna vipande karibu 2,700, yaani kila kimoja kwa wastani hakifiki sekunde tatu. Hakuwa amewahi kuhariri filamu ya mapambano. Mumewe, mwongozaji George Miller, akampa hivyo hivyo. 2016 Margaret akabeba Oscar.

Miaka tisa nahariri tamthilia Sinza, na kosa letu nalijua: tunakata harakaharaka, mtazamaji hajui macho ayatue wapi. Kule wapiga kamera waliambiwa jambo la muhimu likae katikati ya fremu. Ndiyo maana hata kipande kikipita kufumba na kufumbua, hupotei. Leo weka kidole katikati ya kioo chako, halafu cheza ile kazi ya juzi. Utamwona bibi harusi anavyoruka kushoto, kulia, kushoto, maskini.

Na ule usiku wa bluu kwenye filamu? Jua la mchana lile. Walishuti mwanga ukiwa umezidi makusudi, vivuli visizame, kisha wakaja kuutia giza wakati wa kurekebisha rangi kwenye kompyuta. Hapo sijagusa sauti, muziki, wala ile dhoruba ya mchanga iliyotengenezwa kwa kompyuta. Na mwishoni mwa 2013 walirudi kushuti tena, safari hii Australia.

Kijana wa Igoma
Nimenyoosha mikono, dada. Ila trela si ilitoka 2014? Filamu yenyewe haijaiva!

Mama Fremu
Ndiyo, Julai, kwenye Comic-Con ya San Diego, lile tamasha la mashabiki wa filamu na katuni kule Marekani. Huko Hollywood trela kwa kawaida hukatwa na kampuni zinazofanya trela tu. Wakichagua kipande chenye kazi ya kompyuta, hicho kinaruka foleni, kinamaliziwa kwanza. Mhariri wa filamu yuko chumba kingine, bado anabomoa na kujenga.

Hatari yake naijua. Niliwahi kutoa trela ya tamthilia yenye kofi moja zito. Baadaye ile sini ikaonekana haina kazi, tukaitupa. Shangazi yangu alitazama mfululizo wote akilisubiri. Mpaka leo nikienda Tanga ananidai kofi lake.