Marko 16 alfajiri ya Pasaka: nikomee mstari wa 8 au nisome mpaka wa 20?

binti_wa_msomaji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina swali linalonikosesha usingizi wiki ya pili sasa, na zimebaki siku 9 tu kabla ya Pasaka.

Marehemu baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Kwa miaka 31 ndiye aliyesoma Marko 16 kwenye ibada ya alfajiri. Hakuna aliyempangia, ilizoeleka tu kwamba ni zamu yake. Alisoma mistari yote 20 polepole, akimaliza anafunga Biblia na kwenda kukaa bila kuongeza neno. Alitutoka mwezi wa Septemba. Juzi mchungaji akaniita, akaniambia wazee wameona mwaka huu nisome mimi.

Nikaanza kujizoeza nyumbani. Biblia ya baba imechakaa, ukurasa ule umelegea na kona yake imelika kwa kufunuliwa, kwa hiyo nikachukua Biblia mpya ya mwanangu. Nikakuta kuanzia mstari wa 9 mpaka wa 20 pametiwa mabano, na chini kuna maandishi madogo kwamba nakala za kale hazina mistari hiyo. Mwanangu ana miaka 13, alikuwa amekaa ananisikiliza. Akavuta Biblia yake, akasoma yale maandishi, akaniuliza: "Mama, kwa hiyo babu alikuwa anasoma kitu ambacho hakimo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akalale.

Sasa nauliza mambo mawili, na naomba mnivumilie. Kwanza, siku ile nisome mpaka wapi? Pili, na hili ndilo zito: ikiwa mistari 12 ya habari ya kufufuka kwa Bwana inaweza kutiwa mabano, mimi nasimama juu ya nini ninaposema amefufuka? Na ninaposema nitamwona baba tena? Tafadhali msinijibu "amini tu". Ninaamini. Ndiyo maana nauliza.

---

mwaminifu_daima

Dada, pole kwa msiba. Soma yote 20 kama baba yako alivyosoma, wala usiyumbishwe. Irenaeus, aliyekuwa askofu huko Lyon, alinukuu mstari wa 19 kwenye mwaka 180 hivi, na akasema wazi kwamba ni mwisho wa Injili ya Marko. Hizo nakala wanazoziita "bora" ziliandikwa karne ya 4. Kwa hiyo mistari hiyo ilikuwa inasomwa kanisani zaidi ya miaka 100 kabla yake. Jerome, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, naye aliibakiza humo, na Wakristo wa Magharibi wameisoma tangu hapo.

Wanaoanza na mabano humalizia na mkasi. Leo mistari 12, kesho kaburi lenyewe. Mimi sitaki kanisa ambalo kila kizazi kinapewa Biblia nyembamba kuliko ya jana.

---

mzee_wa_maktaba

Mwanangu, pole sana. Nimefundisha Agano Jipya kwa muda mrefu na swali la kijana wako nimeulizwa na watu wazima wenye digrii, ila wao hulizungusha. Yeye ameliuliza sawasawa, kwa hiyo tusimlaze tena bila jibu.

Kwanza ukweli wa nakala. Ndugu aliyetangulia amesema kweli kuhusu Irenaeus, na ni jambo kubwa. Lakini kuna upande wa pili. Nakala mbili kongwe zenye Marko yote, ile iliyohifadhiwa Vatikani na ile iliyopatikana katika monasteri ya Mtakatifu Katarina pale Sinai, zote za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8. Eusebius wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa wa karne hiyohiyo, anasema nakala zilizo sahihi zinaishia hapo. Na Jerome huyohuyo aliyeibakiza mistari hiyo katika Kilatini alikiri katika barua yake kwamba karibu vitabu vyote vya Kigiriki alivyovijua havina. Alijua, akaiandika, na hakuficha. Kwa hiyo mabano si uvumbuzi wa wasomi wa jana. Wanaoitunza Biblia wamekuwa wakiliongelea jambo hili waziwazi kwa miaka 1,600.

Kuna kitu katika ile nakala ya Vatikani ambacho hunigusa kila ninapokionyesha kwa wanafunzi. Ukurasa wake una safu tatu. Marko anaishia safu ya pili, na mwandishi akaiacha safu ya tatu tupu. Kwa kawaida yake, kitabu kinachofuata kilianza kwenye safu inayofuata, ila hapa Luka ameanzia ukurasa mwingine. Wengine husema alijua upo mwisho mrefu na hakuwa nao mbele yake, wengine wana maelezo mengine. Mimi naona mtu aliyekataa kujaza kwa kubuni.

Sasa swali lako zito. Nakuomba ufungue Marko mwenyewe na usome mistari 8 ya kwanza tu, isiyobishaniwa na yeyote. Mna nini? Jiwe limeviringishwa. Wanawake watatu wametajwa majina. Yuko kijana aliyevaa vazi jeupe, naye anasema: "Amefufuka, hayupo hapa, patazameni mahali walipomweka." Ufufuo umeshatangazwa hapo, mwanangu. Umo nje ya mabano. Ungekata mistari yote 12, kaburi bado li tupu.

Kisha tazama mstari wa 7 unavyokwisha: "huko mtamwona, kama alivyowaambia." Maneno hayo "kama alivyowaambia" ndiyo mhimili wa kitabu chote. Rudi sura ya 8, ya 9 na ya 10: mara tatu Yesu anawaambia atauawa na baada ya siku tatu atafufuka. Sura ya 14 anasema mmoja wao atamsaliti, na usiku uleule anasalitiwa. Anasema watatawanyika, wanakimbia. Anamwambia Petro atamkana mara tatu kabla jogoo hajawika mara mbili, na inakuwa hivyohivyo, mpaka Petro analia. Katika sura hiyohiyo, mstari wa 28, kuna ahadi nyingine: baada ya kufufuka kwangu nitawatangulia kwenda Galilaya. Marko amekuzoesha kuona kila neno la huyu mtu likitimia, hata yale machungu, kisha anakuacha mbele ya kaburi tupu na neno moja lililobaki kutimizwa. Kwa Marko, kuamini ufufuo na kuamini neno ni jambo moja.

Wanawake wanakimbia, "wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa." Katika Kigiriki neno la mwisho kabisa ni kile kiunganishi chenyewe, "maana". Kitabu kinakatika kama pumzi. Pengine Marko alitaka hivyo, pengine ukurasa ulipotea. Mimi, kadiri ninavyozeeka, naegemea kwamba alitaka.

Kuhusu mabano na mkasi: sehemu ndefu zenye utata wa namna hii katika Agano Jipya zima ni mbili tu. Hii, na ile ya mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 7:53 mpaka 8:11, nayo pia mistari 12. Tofauti nyingine ni za neno au sentensi, na nyingi ni tahajia na mpangilio wa maneno. Biblia inayokuambia mahali ambapo nakala zinatofautiana ni Biblia unayoweza kumpa mtoto wa miaka 13 bila hofu.

Na mistari ile 12 si ngeni. Mwambie kijana achukue kalamu. Bwana kumtokea Mariamu Magdalene kuko Yohana 20. Wawili walio njiani, Luka 24. Agizo la kubatiza, Mathayo 28. Lugha mpya, Matendo 2. Nyoka, Matendo 28, Paulo kule Melita. Kupaa, Matendo 1. Babu yake hakusoma kitu ambacho hakimo.

---

nesi_mstaafu

Nami niseme machache, maana nimewafunga macho marehemu wengi na swali lako la pili nalijua.

Mimi husimama juu ya 1 Wakorintho 15, kuanzia mstari wa 3. Paulo anaandika kwenye mwaka 54 au 55, na wengi wanakubali ni kabla ya Injili yoyote kuandikwa. Anasema aliwapa lile alilolipokea yeye mwenyewe: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu "kama yanenavyo Maandiko", akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500, ambao wengi wao walikuwa hai bado. Kisha Yakobo. Alilipokea kwa nani? Wagalatia 1 inatupa mwanga: miaka mitatu baada ya kuongoka alipanda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku 15, akamwona na Yakobo ndugu yake Bwana. Hao wawili ndio aliowataja kwa majina katika ile orodha! Nikisoma hapo huwaza zile siku 15. Petro aliyemkana Bwana, Yakobo wa nyumba ya Bwana mwenyewe, na Paulo aliyeliudhi kanisa, wameketi nyumba moja. Sidhani waliongea habari za hali ya hewa.

Kuhusu baba: Masadukayo walipomjia Yesu na swali la kuwakejeli waaminio ufufuo, aliwajibu kwa Maandiko, tena kutoka vitabu vya Musa ambavyo wao wenyewe walivikubali. "Mimi ni Mungu wa Ibrahimu." Akasema Mungu si Mungu wa wafu, bali wa walio hai. Hiyo ni Marko 12, dada. Haina mabano. Ibrahimu alikuwa amezikwa katika pango la Makpela karne nyingi, na Mungu bado anajitaja kwa jina lake.

---

mwaminifu_daima

Mzee, nimekusoma mara mbili. Ile habari ya barua ya Jerome sikuijua, na nilimtaja kama shahidi wa upande mmoja. Nimepokea. Bado nasema yasomwe yote, kwa sababu kanisa limeyapokea kama Maandiko na mimi sijioni mkubwa kuliko waliotutangulia. Lakini neno langu la mkasi lilikuwa kali kwa mtu aliyefiwa. Dada, nisamehe.

---

binti_wa_msomaji

Hakuna cha kusamehe, kaka. Nimelia kidogo kwenye Marko 12, lakini ni kulia kuzuri.

Jana usiku nilimwita mwanangu, nikamsomea mistari 8 nikanyamaza. Akangoja. Akasema, "Halafu?" Nikamwambia hapo ndipo nakala kongwe zinapoishia. Akafikiri, kisha akasema: "Lakini lazima walimwambia mtu. La sivyo Marko angejuaje?" Sikumfundisha mimi hilo.

Kisha akachukua kalamu, akafuata orodha ya mzee mstari kwa mstari. Amekesha na Biblia mbili, yake na ya babu yake. Asubuhi ameniletea karatasi: kila kitu amekipata isipokuwa kimoja. Anasema kunywa kitu cha kufisha, mstari wa 18, hakuna popote pengine, na anauliza kwa nini mzee hakulitaja.

Mimi nimeamua hivi. Nitasoma kwa Biblia ya baba. Nitafika mstari wa 8, nitanyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, kisha nitaendelea mpaka wa 20. Nimemweleza mchungaji sababu ya kunyamaza kule, naye amekubali kusema maneno mawili kabla sijasimama, ili watu wasidhani nimepotea mstari.

---

mzee_wa_maktaba

Mwambie kijana amenikamata, na amenikamata kwa haki. Hilo la kunywa sumu halina mwenzake katika Agano Jipya lote. Ndiyo maana hatujengi fundisho wala hatumjaribu Mungu juu ya mstari huo peke yake. Akiendelea kusoma hivyo, na kalamu mkononi, nitafurahi kuulizwa tena.

Mpango wako ni mzuri. Neno moja tu la msomaji kwa msomaji: ukifika mstari wa 7, usiyapite haraka yale maneno mawili, "na Petro." Mara ya mwisho Marko kumtaja kwa jina alikuwa analia uani kwa Kuhani Mkuu. Wape watu nafasi wayasikie.