Hivi kwa nini albamu ya Getz/Gilberto haichoshi?

MtuWaMwanga (Kigoma)

Wakuu habari za jioni, na wa nyumbani wote nawasalimu. Kuna kitu kimenikaa kichwani wiki ya ngapi sijui nimeona nikilete hapa maana mtaani nikiuliza watu wananiangalia tu.

Mi nina kibanda cha chai na chapati huku Mwanga, nafungua saa kumi na moja alfajiri, na muziki kwangu ni lazima. Siku zote napiga rumba ya Kongo na zilipendwa zetu, si mnaijua Kigoma, tumekua redio inakamata ng'ambo ya ziwa safi kuliko Dar. Sasa mdogo wangu alipokuja likizo akanijazia flashi, katikati ya makorokoro mengine kuna albamu inaitwa Getz/Gilberto, nyimbo 8 tu, nusu saa na dakika kidogo imeisha. Siku ya kwanza niliiacha icheze kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Tangu hapo, na hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani, haijapita asubuhi sijaipiga. Nyimbo nyingine nikizipenda sana wiki mbili zinaniishia hamu kabisa, hii hapana, na wateja nao wameizoea, kuna mzee wa Ujiji anauza dagaa akifika kabla hata hajakaa anauliza "yule bwana anayenong'ona leo yupo?"

Nilivyosoma ilirekodiwa New York Machi 1963 kwa siku mbili tu ikatoka 1964. Yaani ina zaidi ya miaka sitini na Kireno chenyewe sikijui hata neno. Humo ndani kuna nini jamani? Na je huyo anayenong'ona ndo Getz au?

FundiMagitaa_Tbr

Mwangaluka mwanangu. Anayenong'ona ni João Gilberto, mtu wa Bahia kule Brazil, alizaliwa Juazeiro 1931 akafariki Rio 2019. Stan Getz ni Mmarekani, huyo ndo mwenye saksafoni. Piano inapiga Antônio Carlos Jobim ambaye ndo katunga nyingi ya hizo nyimbo, na ngoma ni Milton Banana. Muziki wenyewe unaitwa bossa nova, ni samba ya Brazil iliyotulizwa.

Mimi nimepiga rizimu kwenye bendi hapa Tabora miaka mingi na sasa natengeneza magitaa, hiyo albamu naijua kwa vidole, kwa hiyo ngoja nikueleze kwa upande wa gitaa maana siri kubwa iko hapo. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi kazi tumegawana, huyu solo, huyu sekondi, huyu rizimu, huyu besi, kila mtu na njia yake ndo wimbo unakamilika. João amezikusanya zote kwenye mkono mmoja. Sikiliza kidole gumba chake, kinapiga chini polepole bila kuyumba, kile ni kishindo cha ngoma kubwa ya samba, halafu vidole vitatu juu vinabana kodi zote (chord, yaani noti kadhaa) kwa pamoja, tena havipigi pale unapotegemea, vinatangulia kidogo au vinachelewa kidogo. Yaani watu mia wanaopita barabarani na ngoma siku ya kanivali yeye kawaweka kwenye gitaa moja chumbani na hakuna aliyeamka. Alianza kurekodi upigaji huo 1958 kule Rio na vijana wote wenye gitaa wakaanza kumfuata.

Sasa juu ya hapo anaimba, na sauti nayo haitembei na gitaa! Fuatilia kwa makini utaona anaachia mstari unapita, wewe unasema huyu kapotea, halafu anauwahi mbele na kufika sawasawa na kidole gumba kama mtu aliyeshuka kwenye baiskeli akatembea kidogo na kuipanda tena bila kuisimamisha. Ndo maana haikuchoshi, sikio lako kila siku linamngoja ajikwae na hajikwai. Nimejaribu miaka kuimba hivyo huku napiga, mkono unataka kufuata mdomo, ni kazi ngumu sana sana.

Na Jobim naye kaficha mambo. Huo wimbo wa kwanza, The Girl from Ipanema, sauti inarudia noti chache zilezile, mtoto anaweza kuuimba, lakini chini yake kodi zinahama, kwa hiyo noti ileile kila ikirudi inakuwa na rangi nyingine. Kisha kipande cha katikati kinapanda nusu toni, ghafla uko nchi nyingine kabisa, halafu anakurudisha nyumbani huoni hata alipopita.

MtuWaMwanga

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye kidole gumba umenimaliza, nimeurudia huo wa kwanza mara nne sasa hivi nasikiliza chini tu, kweli hakiyumbi!! Nilikuwa nadhani ile ni besi.

FundiMagitaa_Tbr

Marahaba. Besi pia ipo, ila inapita karibu sana na gumba ndo maana vinachanganyika. Tafuta hedifoni hata za bei ya chini, spika ndogo inakula sauti za chini zote. Rekodi ile ilipata tuzo za Grammy 1965 ya albamu ya mwaka na ya ufundi wa kurekodi pia, fundi mitambo alikuwa Phil Ramone, na ufundi wenyewe ni kuweka maikrofoni karibu na mtu anayeimba kama anaongea na mtoto aliyelala. Zamani bila maikrofoni nzuri mwimbaji ilibidi apaze. João alielewa kwamba si lazima tena.

BintiManyema

Mmeongea yote jamani ila mbona Astrud mnampita hivihivi?? Yule dada anayeimba Kiingereza kwenye Ipanema na kwenye Corcovado, Astrud Gilberto, wakati ule mke wa João, umri wake ulikuwa 22 na hakuwa mwimbaji wa kazi. Alikuwepo studio na mumewe, ikaonekana Kiingereza kinahitajika ili Wamarekani waelewe, akaimba. Halafu angalieni kilichotokea, wimbo ulipotolewa kama singo waliufupisha upigwe redioni wakakata sehemu yote ya João ya Kireno wakabakiza yake. Kwa hiyo dunia nzima iliupenda wimbo kwa sauti ya mtu ambaye jina lake kwenye jalada la mbele la albamu halikuwepo, kuna Getz, kuna Gilberto mume na Jobim basi. Mi hilo linaniuma kila nikiliona lile jalada, na jalada lenyewe zuri, mchoro wa Olga Albizu, rangi ya moto kwenye weusi.

Kaka uliuliza kuna nini humo, kwangu mimi ni sauti yake. Haiombi kitu. Waimbaji wengi unasikia kabisa anataka umpende, anatetemesha sauti, anavuta, huyu anaiweka noti pale na kuiacha. Bibi yangu Ujiji alikuwa akipepeta mchele anaimba hivyohivyo, wala haimbii mtu, ukiingia uani hanyamazi na haongezi, na mpaka leo nyimbo zake nazikumbuka zote kuliko za bendi yoyote. Astrud amefariki Juni 2023, siku ile niliipiga hii albamu usiku kucha.

Na kuhusu kutoelewa Kireno, kaka wewe Kilingala unakielewa? Wangapi Kigoma wanaimba wimbo wa Kilingala mwanzo mpaka mwisho na machozi juu! Ila ukipata maana ni raha zaidi. Wimbo wa Desafinado ni mtu kaambiwa na mpenzi wake kwamba anaimba nje ya sauti, naye anajibu kwamba hata wasiojua kuimba wana moyo. Corcovado ni gitaa, mapenzi, utulivu, na dirisha ambalo ukifungua unauona mlima wa Rio wenye ile sanamu ya Kristo. Basi.

Isevya_Sikio

Nawaheshimu wote hapo juu na mzee shikamoo, ila mi naona tofauti kidogo. Saksafoni ya Getz ni tamu sana lakini imekaa mbele mno. João anajenga kimya kwa uangalifu dakika mbili nzima halafu Getz anaingia na pumzi yake kubwa kama mgeni aliyefungua mlango bila kubisha. Kwenye O Grande Amor inakubali, huo wimbo una huzuni na ile pumzi inaubeba, lakini kwenye Doralice natamani angekaa pembeni amwachie João. Mtu akitaka kumsikia João mwenyewe atafute albamu yake ya 1973, sauti na gitaa na mpiga ngoma mmoja tu, hapo ndo utajua kimya kina uzito gani.

Na jambo moja halijaguswa. Doralice na Para Machucar Meu Coração si nyimbo mpya za bossa nova, ni samba za wakubwa waliotangulia, Dorival Caymmi na Ary Barroso. João hakuja kuitupa samba, alichukua nyimbo za wazazi wake akazishusha sauti mpaka ukasikia zimetengenezwaje ndani. Hapa kwetu bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz nao walibeba za wakubwa zao, hivyo nikisikia João najisikia niko na ndugu.

FundiMagitaa_Tbr

Marahaba Isevya. Kwenye Doralice nakubaliana na wewe. Kwenye Ipanema hapana, bila ile saksafoni baada ya Astrud wimbo unabaki na swali halijajibiwa. Sikiliza Getz anavyoanza, anarudia kwanza kile alichoimba yule binti karibu bila kuongeza kitu, ndo baadaye anatembea. Hiyo ni adabu.

MtuWaMwanga

Wadau nimerudi. Jana nilifunga mapema nikaazima hedifoni za jirani nikashuka Kibirizi, mitumbwi ya dagaa ishatoka taa zimejaa ziwani, nikaipiga yote mwanzo mwisho. Dada, nimemsikia Astrud kwenye Corcovado anavyoanza peke yake na Kiingereza halafu João anapokea kwa Kireno, kibandani pale mwanzo ulikuwa unamezwa na maji yanayochemka. Na Isevya, mi saksafoni nimeipenda bado, nisamehe.

Mzee nina ombi. Kuna gitaa la marehemu baba nyumbani lina nyuzi nne. Nikiweka mbili zilizobaki, unaweza kunirekodia hicho kidole gumba peke yake taratibu, bila vidole vingine? Nataka nianzie hapo.

FundiMagitaa_Tbr

Weka nyuzi za nailoni, za chuma usiweke kwenye hilo mpaka uhakikishe limetengenezwa kwa ajili yake, litapinda shingo. Kesho baada ya alasiri nakurekodia.